Maji Moto ya Ukutani

Alhamisi, 1 Julai 1976. Iyunga, Mbeya.

Baridi! Umande umeganda uani kama mtu kamwaga chumvi. Mama mkwe amefika kutoka Rujewa na mchele na samli, kumkanda mke wangu Helena na kumwogesha mjukuu wake Regina, ambaye hata mwezi hajatimiza. Nimempokea kwa heshima zote. Hasemi nami moja kwa moja. Kwao mkwe haongeleshwi hovyo. Anamwambia Helena, Helena ananiambia, hata tukiwa chumba kimoja.

Nikaenda kumwonyesha mashine ya bafuni, niliyoikuta humu baada ya mhandisi mzungu kuhama. Haina tanki! Maji yanaingia baridi, yanapita kwenye bomba la shaba juu ya moto wa gesi, yanatoka yanafuka mvuke. Siku ya posa niliapa mbele ya ukoo mzima kwamba binti yao hatabeba kuni maishani. Nikafungua koki kwa mbwembwe. Mashine ikakohoa. Yakatoka matone ya vuguvugu.

Mama mkwe akamwambia Helena aniambie kwamba Rujewa kuna joto. Kama hapa hakuna maji moto ya uhakika, anaondoka na binti yake na mjukuu mpaka Septemba.

Septemba!

Ijumaa, 2 Julai.

Nimeigundua siri. Maji yetu yana chokaa. Sufuria zote humu zimeota ukoko mweupe ndani. Basi na lile bomba la shaba limeota ukoko hivyo hivyo! Dawa yake ni kitu kikali, kama siki, kipitishwe ndani mara nyingi mpaka ukoko ulainike, kisha bomba lisuuzwe kwa maji safi. Rahisi. Sikuweza kukaa kazini. Nikamuaga mkuu wa ghala, nikasingizia kwamba tumbo linanisokota, nikakimbilia dukani kwa Muhidini.

Muhidini akasema siki haijaonekana mjini tangu Pasaka. Akaniuliza kama ningependa dawa ya viatu.

Narudi nyumbani, namkuta nani? Isakwisa, jirani! Ameleta debe la maji yanayochemka, kalibeba begani kwa gunia, anatabasamu. Mama mkwe akamsifu kwa Kiswahili kilichonyooka, uso kwa uso: "Ahsante, baba. Wewe ni mtu mwenye akili." Mimi sijawahi kuambiwa hata neno moja. Nikamwambia Isakwisa asijisumbue tena. Akasema si usumbufu, jiko lake la kuni linawaka kutwa. Anaringia kuni! Mwaka huu wa sabini na sita!

Jumamosi, 3 Julai.

Siku ya kazi. Asubuhi nilikwenda kwa Mwanahawa, mke wa Muhidini, anayetengeneza achari. Nikambembeleza sana. Siki ya chupa hana, lakini alikuwa na mtungi wa achari ya zamani, embe zimekwisha, umebaki mchuzi wake. Akanionya, "Shemeji, humo mna pilipili kichaa, usije ukasema sikukwambia." Nikamwambia mashine haina ulimi.

Nikafunga gesi. Nikafunga koki ya maji. Nikafungua nati mbili kwa spana ya kuazima (kwa Isakwisa, lakini nilimtuma Helena). Mpira mmoja juu, mpira mmoja chini, ndoo sakafuni. Nikapanda kigoda, nikamimina mchuzi kwa faneli, ukapita ndani, ukatokea kwenye ndoo. Nikamimina tena. Na tena. Mabega yaliwaka moto. Mara ukaanza kutoka mweupe kama uji, na vipande vya ukoko! Nilipiga kelele za furaha, mtoto akaamka.

Ikabaki kusuuza. Nikafungua koki. Hakuna. Maji yamekatika Iyunga nzima. Nikasubiri. Nikazunguka nyumba. Nikasubiri tena. Mwishowe nikafunga nati zangu. Maji yakirudi yatajisuuza yenyewe.

Jumapili, 4 Julai.

Maji yalirudi wakati wa ibada. Nilitoka kanisani kabla ya sadaka. Nikawasha mashine kwa kiberiti. Ikawaka! Nikatangaza kwamba bafu liko tayari. Helena akataka amwogeshe mtoto kwanza. Mama mkwe akakataa, akasema ataoga yeye kwanza, ajaribu. Mungu ambariki mama yule.

Akaingia. Kisha ukelele ambao nadhani ulifika Rujewa.

Alitoka amejifunga khanga, macho mekundu, anajipepea kwa mikono. Isakwisa na mkewe walikuwa wameshafika mlangoni. Ndipo mama mkwe akanisemesha mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake:

"Mkwe wangu. Maji yako ni baridi, lakini yanaunguza."

Moto wa gesi ulikuwa umezimika, pilipili haikuzimika. Nilikimbilia samli aliyoileta, nikaiweka mlangoni, nikajificha nyuma ya nyumba. Nikifikiria kwamba angeweza kuwa Regina, nikakaa chini kwenye majani yenye umande.

Jioni Isakwisa alileta madebe mawili.

Jumatatu, 5 Julai.

Sikwenda kazini. Nimeisuuza mashine tangu alfajiri, ndoo baada ya ndoo, nikiyaonja maji kila mara, mpaka ulimi haukusikia tena chochote. Kisha nikawasha.

Ah! Maji! Yalitoka mengi, kwa nguvu, bafu zima likajaa mvuke. Nikatia mkono, nikautoa haraka. Moto wa kweli! Helena akaoga mpaka akaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu ajifungue. Mama mkwe alisimama mlangoni, akatikisa kichwa, akamwambia Helena kwamba labda mumewe si mtu wa kupotea kabisa. Nikapita mbele ya nyumba ya Isakwisa mara kadhaa, bila sababu yoyote.

Baada ya chakula nikasikia shiii. Nikadhani ni nyoka. Ilikuwa mashine. Shaba ilikuwa na tundu siku nyingi, na kilichoziba tundu lile ni ukoko wenyewe! Nimeuondoa ukoko, tundu limebaki. Nikaweka kidole. Maji yakatokea pembeni. Nikaweka kidole cha pili. Nikamwita Helena afunge koki, lakini spana ilikuwa imerudishwa kwa mwenyewe na koki ilikuwa imekaza. Isakwisa alipofika, maji yalikuwa yamevuka bafu, yamepita ukumbini, yameingia chumbani. Godoro limelowa. Nepi zote zimelowa. Regina yuko kifuani kwa bibi yake, analia, na miguu yake ni baridi kama mawe ya mto.

Hakuna aliyenigombeza. Heri wangenigombeza.

Jumanne, 6 Julai.

Wameondoka na basi la asubuhi. Helena alinipa mkono dirishani, akasema nile vizuri. Mama mkwe alimwambia Helena aniambie kwaheri.

Nyumba imepoa. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Nimepeleka godoro juani. Nimelirudisha. Nimelipeleka tena.

Alhamisi, 8 Julai.

Shigela, kaka yake Helena, amepita na lori la mpunga akiwa na salamu. Helena hataki kukaa huko mpaka Septemba, ananikumbuka. Mama mkwe amekubali! Sharti lake ni dogo: chumba kikavu, na moto wa kuni uani wenye debe moja juu yake. Basi. Watafika Jumamosi adhuhuri, niwepo nyumbani niwapokee.

Nilimkumbatia Shigela mpaka kofia ikamdondoka. Kisha, akipanda lori, akataja kwamba huko Ipogolo, Iringa, mtu mmoja anaitwa Selemani anauza vitu vya mkulima wa tumbaku aliyehama. Eti kuna mashine ya maji moto. Kubwa kuliko yangu.

Sikusikia mengine aliyosema.

Jumamosi, 10 Julai. Ipogolo.

Nimeipata! Ina mabomba mawili ya shaba, si moja! Nimempa Selemani redio yangu na koti langu, na bado namwona ni yeye aliyepunjwa. Mashine haitoi maji kwa sasa. Selemani anasema imelala kidogo tu, ina ukoko. Ukoko! Ukoko nauweza. Safari hii achari sitaigusa. Nimeshaongea na fundi wa magari hapa barabarani, atanipa maji makali ya betri. Hayo hayana pilipili.

Basi la kurudi Mbeya ni kesho. Helena, mtoto na mama mkwe watakuwa wameshafika Iyunga saa hizi. Ufunguo ninao mimi mfukoni, lakini si neno, Isakwisa atawapa pa kukaa. Angalau leo atakuwa na faida.

Hebu nifikirie tu uso wa mama mkwe nitakapoingia na kitu hiki kichwani!