Msitu Wangu na Kamati ya Shemeji

Jumatatu, 3 Agosti

Uchaguzi wa kamati ya msitu wa kijiji umekwisha. Mwenyekiti: shemeji yangu. Mimi nimepata kura moja, na naijua, maana niliipiga mwenyewe. Mke wangu anasema alimpa kaka yake kwa sababu kaka yake anafanya kazi. Kikulacho ki nguoni mwako!

Lakini mimi si wa kufyata mkia. Kile kipande cha mikaratusi nyuma ya nyumba si cha kamati. Ni chetu, mke wangu aliachiwa na marehemu baba yake. Leo nimekitoa kwenye ulinzi wao. Kuanzia sasa mimi ni mwenye msitu. Mke wangu akauliza mwenye msitu ni nani. Nikajifanya sijasikia.

Jumatano, 5 Agosti

Nimezungusha seng'enge. Kila kiangazi kamati hupita kote, msitu wa kijiji na vipande vya watu binafsi. Wanafagia majani, wanaokota matawi makavu yawe kuni, wanaparura njia pana ya kuzuia moto. Leo wamefika kwangu na reki zao. Nimewarudisha. Jani langu, hata likianguka, ni langu!

Shemeji akaja na ule upole wake unaoudhi. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamjibu sina chawa. Akasema basi watafagia upande wao wa mpaka, ila nikumbuke moto haujui shemeji wala mkwe. Nikamwambia wa kwangu una adabu. Jibu zuri. Nimeliandika hapa lisipotee.

Ijumaa, 7 Agosti

Majani yamefika vifundoni. Yanapendeza, kama godoro.

Mama mkwe, ambaye nyumba yake inapakana na msitu, ameuliza nani atamwondolea yale yaliyorundikana nyuma ya jiko lake. Zamani walikuja wanawake wa kamati. Nimemshauri ayahesabu kuwa zulia. Akanitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia sebuleni.

Jumapili, 9 Agosti

Mke wangu amenuna kwa ajili ya mama yake. Lakini nimepata mpango! Nitatengeneza njia yangu mwenyewe ya kuzuia moto, tena bila jasho. Nachoma ukanda mwembamba tu. Pakishaungua, pataungua nini tena?

Kamati ina sheria: mtu asiwashe peke yake, aite watu kwanza ndipo apige kiberiti. Nikiwaita, shemeji atasimamia, na njia itakuwa yake. Siiti mtu. Kesho alfajiri, kabla ya upepo.

Jumatatu, 10 Agosti

Nilichelewa kuamka. Nikawasha baada ya chakula cha mchana.

Upepo ukageuka. Ukanda mwembamba ukawa mpana, kisha haukuwa ukanda tena. Ndoo ya maji iliisha kabla sijaamua niimwage wapi. Hapo mtu mwingine angepiga ukelele. Mimi nilisimama nikitafuta namna ya kuomba msaada isiyofanana na kuomba msaada. Nilipoipata, moto ulikuwa umeshafika kwa mama mkwe.

Ni yeye aliyepiga sufuria. Kamati nzima ikaja, na majembe, matawi mabichi na pampu za mgongoni. Wakaikata seng'enge yangu bila hata hodi. Upande wa kijiji moto ulifika kwenye njia waliyoifagia, ukakosa cha kula, ukafa. Upande wa mama mkwe waliupiga mpaka ukutani. Jiko limeteketea. Nyumba imebaki, na yeye yupo.

Niliogopa. Nalisema hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Alikuwa amekaa uani, masizi usoni, sufuria mapajani. Nikasogea kumpa pole.

"Ungeita tu, mwanangu," akasema.



Alhamisi, 13 Agosti

Kikao cha kijiji. Mke wangu akasimama, akaeleza kuwa msitu ni wake na utabaki wake, au tuseme nusu iliyosalia, ila kuanzia leo utatunzwa na kamati pamoja na mingine. Mwenye mali mmoja, akasema, mikono mingi. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, ningefanyaje?

Mama mkwe anajengewa jiko jipya. Mimi nakanyaga udongo. Shemeji hakunisimanga hata kidogo, jambo lililoniuma zaidi. Akanipa kazi: mlinzi wa kilimani. Nikiona moshi wowote, nipulize filimbi. Basi, hayo tu. Kwa vyovyote vile, ni cheo.

Jumamosi, 15 Agosti

Zamu yangu ya kwanza. Kumetulia. Asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba nimekuwa mtu mwingine, kwamba umoja ni nguvu na sasa nimeuonja. Akasema tutaona.

Naona moshi. Mwembamba, kule bondeni, kwenye msitu wa kijiji, hatua chache kutoka shamba la shemeji.

Filimbi nimeshaitia mdomoni. Lakini nimefikiri. Nikipuliza watakuja wote, shemeji ataongoza, na mimi nitaonekana mpiga filimbi tu. Moto wenyewe ni mdogo. Nateremka niuzime mwenyewe kwanza. Filimbi nitapuliza ukishazimika, waje waone.