Afisa wa Kubonyeza "Baadaye"

Idara ya Siri Ndogo Ndogo inayo furaha kuutangazia umma kwamba programu yake ya kufungia diski ya kompyuta kwa neno la siri, iitwayo Komeo, imepandishwa cheo. Kuanzia sasa si programu ya kawaida tena, ni Programu ya Kudumu. Na sababu ni nzuri mno: watu walioitengeneza wameacha kuitengeneza.

Ndivyo tangazo lilivyosomwa, na Mkurugenzi mwenyewe akalifafanua mbele ya waandishi wa habari, katika chumba cha chini cha Idara, huku akikata keki.

"Kitu kinachoitiwa fundi kila mwezi ni kibovu," alisema. "Ninyi mna magari, mnanielewa. Sasa Komeo haijaguswa na fundi miaka nenda miaka rudi. Kwa nini? Kwa sababu imepona!"

Watu wakapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mzee Baadaye, mtu mzima mwenye sweta la kijivu, na alipiga kwa mkono mmoja, juu ya paja, kwa kuwa ule wa kulia ulikuwa kazini.

Ni kweli kwamba watengenezaji wa Komeo, kabla ya kutokomea, waliacha ujumbe wa kuaga: "Hatuitunzi tena programu hii. Huenda ina matundu ambayo hatutayaziba. Tafadhali hamishieni vitu vyenu kwingine." Idara haikuupuuza. Iliunda Kamati ya Kutafsiri Maneno ya Kuaga, kamati ikajifungia hotelini wiki nzima, ikarudi imenenepa na imeridhika. Iligundua kwamba "huenda" si ushahidi. Iligundua pia kwamba matundu yanaweza kuwa ya kupitishia hewa, maana diski hupata joto. Kuhusu kuhama, ilisema jambo hilo liko nje ya hadidu zake za rejea.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Komeo ilikubali kuishi ndani ya kompyuta moja, kongwe, iliyokaa chumba hicho hicho cha chini, karibu na ngazi. Kompyuta mpya zote ziliikataa katakata. Na kongwe lenyewe halikuwa na shukrani: mara kwa mara, katikati ya saa za kazi, lilitoa kidirisha kwenye kioo kikiuliza, "Kuna mfumo mpya. Uwekwe sasa?" Chini yake kuna vitufe viwili, "Sawa" na "Baadaye". Ukibonyeza "Sawa", mfumo mpya unaingia, Komeo inatoka, na siri za Idara zinabaki zimefungwa huko ndani milele na milele. Usipobonyeza chochote, kompyuta inajiamulia yenyewe.

Hapo ndipo palipozaliwa cheo cha Afisa Mwandamizi wa Kukataa, na ndipo Mzee Baadaye alipopatia jina lake. Kazi yake ilikuwa kukaa, kungoja kidirisha, na kubonyeza "Baadaye". Alikunywa chai kwa mkono wa kushoto. Aliandika kwa mkono wa kushoto. Kibofu chake kilikuwa kimepata mafunzo ya kutosha. Jioni tu ndipo aliposimama, maana kompyuta ile nayo ilikuwa mtumishi wa umma, ikifika saa ya kutoka haiulizi mtu kitu.

Wakati fulani alikuja fundi wa mkataba, kijana mpole, akaichungulia kompyuta akasema, "Lakini wazee, diski hufungika kompyuta ikizimwa. Hii haizimwi. Kwa hiyo siri zenu ziko wazi muda wote, yeyote anayeingia hapa anazisoma." Mkurugenzi alimsikiliza kwa makini, akamshukuru, akamhamishia bustanini. Inasemekana maua yalistawi.

Basi Jumatatu moja simu ya Mzee Baadaye ikalia. Alikuwa mkewe, kutoka kwao, mji wa mbali kidogo, safari ya kutwa nzima kwa basi.

"Baba watoto, uko wapi?"

"Kazini, mke wangu."

"Najua uko kazini. Uko kazini tangu mtoto hajaota meno. Sasa meno ameota, shule amemaliza, uuguzi amesomea, na Jumamosi anaolewa. Unakuja?"

"Nakuja."

"Usiniambie nakuja kama unavyoniambia kila siku. Maana mdogo wako keshajitolea kumshika mtoto mkono na kumwingiza ukumbini. Kanunua na suti."

"Suti gani?"

"Nyeupe."

Mzee Baadaye akaibana simu begani. Mdogo wake alikuwa muuza magodoro, na alikuwa hajawahi kukiona kipaza sauti akakipita. Katika msiba wa shangazi yao alisimama kutoa shukrani za familia akamalizia na bei mpya za magodoro ya futi sita.

"Mwambie asivae hiyo suti," alisema. "Nakuja mimi baba yake."

Kidirisha kikatokea. Akabonyeza "Baadaye", akasubiri saa ya kutoka, akapanda ghorofani kuomba ruhusa.

Mkurugenzi alisikitika sana. Alitoa hata leso.

"Mzee wangu, harusi ni jambo la kheri. Lakini ukiondoka wewe Ijumaa, nani atakataa? Unajua ulichokalia? Faili la kila mfanyakazi limo mle! Nani alichelewa, nani alisinzia kikaoni, nani alinicheka nilipojikwaa kwenye zulia. Nchi itakwenda vipi bila hayo?"

"Mkuu, tafuta mtu anishikie. Siku moja tu."

"Siku moja ya nani? Mtu wa kukataa haokotwi barabarani."

Hata hivyo, kwa kuwa Idara inajali ustawi wa familia, uliitishwa mtihani wa Kaimu Afisa wa Kukataa. Ukumbi ulijaa. Kwenye kioo kikubwa kiliwekwa kidirisha cha mfano, na watahiniwa wakaitwa mmoja mmoja. Walichotakiwa kufanya ni kubonyeza "Baadaye".

Mkuu wa Fedha akaja, akavuta pumzi, akabonyeza "Sawa".

"Wewe!" Mkurugenzi akafoka. "Umeambiwa 'Baadaye'!"

"Sawa, mkuu," akasema Mkuu wa Fedha, akabonyeza "Sawa" tena.

Msemaji wa Idara akabonyeza "Sawa" kabla kidirisha hakijatokea, akaomba radhi kwa kuchelewa. Mwanasheria, mama wa heshima zake, aliuliza Mkurugenzi anapendelea kitufe kipi. Akaambiwa aamue mwenyewe. Akakaa chini akaanza kulia. Dereva aliufunga mkono wa kulia kwa shati ili usimponze. Wa kushoto ukainuka taratibu, ukabonyeza "Sawa". Mpaka jioni watu wote walikuwa wamepita, na wote, wenye shahada na wasio nazo, walikuwa na kidole kimoja.

"Hivi humu ndani," Mkurugenzi akapaza sauti, "hakuna hata mtu mmoja anayeweza kukataa?"

"Hakuna, mkuu!" wakaitikia kwa pamoja, na kwa furaha.

Mkurugenzi akatembea huku na huku juu ya zulia, kwa tahadhari. Kisha uso ukamng'aa.

"Nitakaa mimi," alisema. "Mimi nimekataa ruhusa, nimekataa mikopo, nimekataa uhamisho, nimewakatalia hata wanangu kusoma wanachotaka. Kuna bingwa wa kukataa kunishinda mimi? Mzee, nenda kamwoze mtoto."

Asubuhi ya Ijumaa, kabla hajaelekea kituo cha mabasi, Mzee Baadaye alimkabidhi kiti.

"Mkuu, mkono usiwe mwepesi. Ukiona kidirisha, usishtuke. Kisome kama hukijui."

"Mzee, usinifundishe kukataa."

"Na usisimame."

"Nisimame niende wapi? Nenda bwana, basi litakuacha!"

Basi halikumwacha. Alifika usiku, akapigwa pasi ya macho na mkewe kuanzia kichwani hadi viatuni, akalala. Jumamosi mchana alikuwa mlangoni mwa ukumbi, ndani ya suti nyeusi ya kuazima, anamsubiri binti yake. Mdogo wake naye alikuwepo, mweupe kama jokofu, akinyoosha mikono ya koti.

"Kaka, wewe umechoka na safari," alisema. "Kapumzike. Mtoto nitampeleka mimi, nawe utakuja kwenye picha."

"Nenda kakae."

"Nasema tu, kama ikitokea dharura. Nyie watu wa serikali hamkosi dharura."

Hapo hapo simu ya Mzee Baadaye ikaita. Mdogo wake akafunga kifungo cha koti.

Alikuwa Mkurugenzi, anaongea kwa kunong'ona, na meno yanagongana.

"Mzee wangu. Njoo."

"Kuna nini, mkuu?"

"Jana nilikataa vizuri sana. Kidirisha cha kwanza nikakataa, cha pili nikakataa, mpaka nikaanza kukionea huruma. Halafu Waziri akapiga simu. Sasa mtu anaongeaje na Waziri amekaa? Nikasimama. Akawa anasema, nami naitikia, sawa mheshimiwa, sawa mheshimiwa. Kidole nacho kikaitikia."

Mzee Baadaye akafumba macho. "Kikabonyeza."

"Kikabonyeza! Kompyuta ikazimika, ikawaka upya, inataka neno la siri. Neno nililiweka mimi mwenyewe enzi zile. Nimejaribu jina la mke wangu, hapana. La mbwa, hapana. Nimejaribu jina langu na cheo, hapana! Na mfumo mpya unasema hata nikilipata, Komeo haifanyi kazi humo. Na wenye Komeo hawapo, nimewatafuta dunia nzima, hakuna pa kupiga."

"Waziri kasemaje?"

"Alikuja na msafara. Nilidhani nimekwisha. Akanipa mkono! Akasema kumbe leo ndiyo siku ya kwanza siri za Idara kufungika kweli kweli, tangu ianzishwe. Wakanipa cheti."

"Hongera, mkuu."

"Hongera nini! Akaniuliza, hilo neno la siri liko wapi? Nikamwambia limo kichwani mwangu, mheshimiwa, ila limejibanza kidogo. Akawageukia walinzi akasema, basi wazee, kichwa hiki ndicho diski. Mzee, wamenibandika namba ya mali ya serikali kwenye koti! Wameniweka chumbani kwako, kiyoyozi mpaka mwisho, eti nisipate joto. Siruhusiwi kutoka. Siruhusiwi kusinzia, eti nikizimika wataniwashaje. Nikasema nina presha, niitieni daktari. Wakanionyesha hotuba yangu mwenyewe kwenye gazeti, ile ya keki. Wanasema kitu kikiguswa na fundi kinaharibika."

"Pole sana."

"Pole haina kazi. Wewe ndiye Afisa Mwandamizi. Wewe ukisema mimi ni mtu watakusikiliza. Panda gari sasa hivi uje."

Mlango wa pembeni ukafunguka, binti akatoka na shela lake, mama yake nyuma ameshika mkia wa gauni. Mdogo wake Mzee akasogea hatua, akatanguliza kiwiko.

Mzee Baadaye akaitazama simu. Kidole chake gumba kilikuwa kinatafuta, chenyewe, kitufe ambacho hakipo pale. Akafikiri kitu ambacho hakuwahi kukifikiri kwa muda wote aliokaa kwenye kiti kile: kwamba hajawahi kukataa jambo lolote. Alikuwa akiahirisha tu. Kompyuta ilikuwa inaahirishwa, mkewe alikuwa anaahirishwa, na huyu mtoto anayekuja na shela alikuwa ameahirishwa tangu akitambaa.

"Hapana, mkuu," alisema.

Upande wa pili kiyoyozi kikavuma.

"Umesemaje?"

"Hapana." Neno lilikuwa tamu, akalirudia polepole. "Hapana. Siji. Leo siji, kesho siji, na wala usiningoje."

"Mzee, unamjibu nani? Faili lako ninalo!"

"Lifungue basi."

Kukasikika kuhema kwa hasira, kisha viatu vizito, kisha sauti ya mtu mwingine kabisa: "Wewe, nani kaipa diski simu?" Zikafuata purukushani fupi, kiti kikaanguka, na mlinzi akaja kwenye laini, mtu mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Kifaa chetu kimepiga chenyewe. Tunakihamishia kwenye kabati la chuma."

Simu ikakatika. Mzee Baadaye akaizima, akaitia mfukoni, akampita mdogo wake na kile kiwiko chake, akamshika binti yake mkono.

"Nani alikuwa anapiga, baba?" binti akauliza.

"Kompyuta ya ofisini," akasema, wakaingia.