Wauaji Wote Ninawajua

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mama Evelina ametangaza. Kikundi chetu cha wazee kimepewa chumba karibu na soko, kile alichokuwa anashonea fundi cherehani, na sasa kitakuwa chumba cha kusomea. Mlezi wake atachaguliwa Jumapili baada ya misa ya pili. Jina la mlezi litaandikwa juu ya mlango kwa rangi ya mafuta.

Mwalimu Polikarpo akakohoa kabla mama wa watu hajamaliza sentensi. Kikohozi cha mtu anayejiandaa kushukuru.

Polikarpo! Vitabu vyake vyote vinaenea kwenye kiti kimoja. Mimi nina maboksi yanayofika dirishani, sebuleni na chumbani, riwaya za upelelezi tupu, nilizonunua stesheni kwa stesheni katika miaka yangu yote ya ukarani wa reli. Hakuna mtu bonde zima la Kilombero mwenye maiti nyingi kuliko mimi.

Nimeishi Ifakara tangu nina nywele. Bado naitwa mgeni. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa mtu Namawala, naulizwa mimi, kwa kuwa nilitoka upande wa Ziwa kama wafugaji. Mimi ni Mkerewe. Sijawahi kumiliki hata mbuzi. Jina juu ya mlango litamaliza habari hiyo. Mgeni haandikwi mlangoni.

Nimeamua. Nitatengeneza orodha kamili ya vitabu vyangu na kuibandika ukutani Jumapili, watu waone. Hapo Polikarpo akohoe anavyotaka.

Jumanne, 6 Mei

Nimekata kamba za boksi la kwanza. Kamba za katani, nilizifunga mwenyewe siku nilipostaafu. Vitabu hivi vilikuwa vya kwenda kusomwa nyumbani Ukerewe, barazani, ziwa likiwa mbele yangu. Safari iliahirishwa kwa sababu ya mafuriko, kisha kwa sababu ya ugonjwa wa marehemu mke wangu, kisha bila sababu. Kwa hiyo sijavisoma. Hata kimoja. Hilo ni jambo la shajara, si la mtaa.

Kupanga kwa herufi ni kazi ya karani asiye na mawazo. Nimepanga kwa silaha: visu, bastola, sumu, waliosukumwa majini. Nimefuata picha za majalada. Tatizo ni kwamba picha nyingi ni za mwanamke aliyeegemea gari. Nimefungua fungu la Magari.

Asubuhi Polikarpo kaja bila kualikwa, amevaa koti katika joto lile. "Habari za asubuhi, Mzee Zakayo." Habari! Nimemzidi umri masika mazima, cheti cha ubatizo ninacho, na shikamoo yake sijaisikia mpaka leo. Akauliza kama vitabu vyote hivi nimevisoma. Nikamjibu kwamba hilo si swali la kumuuliza mtu mzima. Akachukua kimoja, akakifungua. Kikalia kama mlango usiozoea watu. Akatabasamu. Akasema basi Jumapili ataniuliza maswali mawili matatu hadharani, ili wanakikundi wafaidike.

Wafaidike!

Alhamisi, 8 Mei

Jana sikuandika. Nilikuwa nakonda kwa mawazo. Leo nimepata dawa, na ni rahisi mpaka naona aibu kwa niaba ya wasomaji wengine.

Ukurasa wa mwisho.

Riwaya ya upelelezi haina siri nyingine. Nani aliua? Jibu liko mwishoni, kila mara, mwandishi hawezi kulihamisha. Nimepita boksi zima kabla ya chakula cha mchana. Nimeongeza safu kwenye orodha, yenye kichwa MUUAJI, kwa wino mwekundu. Shemeji. Mwanasheria. Daktari. Mke wa pili. Daktari. Daktari tena. Mchana nilikuwa na miadi ya shinikizo la damu. Sikwenda.

Mama Evelina alipita na vitumbua. Alikuwa muuguzi, bado anatazama mtu kama anayesoma kipimajoto. Akasifu mwandiko wangu. Akasema hajaona mzee mwenye mpangilio namna hii. Nilikuwa karibu kusema jambo la maana. Kisha akasema imembidi awahi, vitumbua vilivyobaki ni vya Mwalimu Polikarpo.

Nilitazama kikapu. Vilikuwa vingi kuliko vyangu.

Ijumaa, 9 Mei

Hatari. Nilikuta kitabu kilichong'oka ukurasa wa mwisho, ikanibidi nirudi nyuma kidogo kumtafuta muuaji. Nikakuta mtu amekaa gatini na sanduku lake, anasubiri meli ambayo kila anayepita anamwambia haiji. Nikasoma kidogo. Nikasoma tena kidogo. Niliposhtuka wali ulikuwa umeungua na jua limehama upande.

Nimekifunga. Kwenye safu nimeandika "Hajulikani". Kazi ya orodha haiendi hivyo.

Jioni sokoni nimemkuta Polikarpo kasimama karibu na meza ya Sikitu, muuza vitunguu, anasimulia. Watu wamemzunguka kama anagawa kitu. Anasimulia hovyo! Kisa cha jiji kubwa la mbali, yeye maiti ameihamishia Mngeta, kwenye shamba la mpunga, na mpelelezi anafika kwa bodaboda. Hakuna usahihi hata chembe. Na watu wameacha midomo wazi. Mimi nilisimama nyuma ya magunia, nisionekane.

Alipofika mahali pa kumtaja muuaji akavaa kofia yake, akasema atamalizia wiki ijayo, akaondoka. Mtu wa tabia gani anafanya hivyo?

Nimekitambua kitabu kwa jina alilolitaja. Ninacho, fungu la Magari. Muuaji ni fundi saa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda sokoni mapema. Nimewaambia wote. Fundi saa.

Nilitarajia shukrani. Sikitu akaweka chini kisu cha kumenyea. Akanieleza, polepole kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba wiki nzima ijayo atakuwa Namawala, juu ya dungu, anaamia ndege wasimalize mpunga wake. Kule hakuna wa kuongea naye. Alikuwa amebeba kisa kile akakitafune polepole, leo amshuku mjane, kesho amshuku dereva. "Sasa nitakaa kule namuwaza fundi saa tu," akasema. "Umenipora wiki yangu, mzee wangu."

Mwingine akasema wageni ndivyo walivyo.

Si kitu. Kesho watajua nani ni nani. Orodha imekamilika. Nimeisoma mara mbili, na hakuna muuaji hata mmoja nisiyemjua, ukimtoa yule wa gatini.

Jumapili, 11 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Nilibandika orodha ukutani. Ilienea kutoka dirisha mpaka mlango. Watu wakaisogelea. Nikasikia minong'ono kwenye safu nyekundu, nikadhani ni ya sifa.

Polikarpo akasimama na koti lake. Akataja kitabu. Nikasema: daktari. Mama Evelina akatazama orodha, akaitikia kwa kichwa. Akataja kingine. Shemeji. Kingine. Mpishi, kwa kutumia birika. Hilo la birika lilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho kwa bahati. Watu wakapiga makofi. Polikarpo akalegeza tai. Nimeishi muda mrefu, nimeona mengi, sikumbuki kuona kitu kizuri kuliko uso ule.

Ndipo Sikitu, kwenye benchi la nyuma, akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kama mtu yeyote anavyouliza akisikia kuna kifo.

"Marehemu ni nani?"

Nikasema marehemu yupi. Akasema huyo aliyeuawa na mpishi. Nikasema ni mtu. Akauliza mtu wa nani. Nikasema mtu mzima. Akauliza ameacha watoto? Nikasema kitabu hakikueleza vizuri. Mama Evelina akaniuliza marehemu wa daktari, basi. Na wa shemeji. Nikatazama safu zangu. Nilikuwa na namba, jina, silaha, rangi ya jalada, muuaji. Marehemu sikuwa na hata mmoja.

"Mzee Zakayo," akasema Mama Evelina, taratibu, "msibani tunaanza na marehemu."

Walicheka. Si kwa ukali. Wangecheka kwa ukali ingekuwa nafuu. Polikarpo akasimama, akamweleza Sikitu habari za marehemu wa mpishi: mjane mwenye viatu vyeupe, mtoto wake wa kiume asiyeongea naye, na jinsi alivyopenda chai ya mchaichai. Maiti aliiweka Kivukoni. Hakuna aliyejali.

Mlezi ni Polikarpo. Mikono yote ilinyooshwa. Wangu pia, watu walikuwa wananitazama.

Jumatatu, 12 Mei

Sikutoka nje. Mama Evelina akaja yeye. Akakaa bila kuambiwa, akatazama maboksi.

"Hizi kamba ni za nini?"

Nikasema za safari.

"Ya wapi?"

Nikasema ya nyumbani. Akala kitumbua alichoniletea mimi. Halafu akasema: "Mkeo tumemzika hapa, Mzee Zakayo. Mimi nilimvika. Nyumbani ni wapi tena?"

Nikaokota kamba moja, nikaanza kuikunja.

Akasema amezungumza na wenzake. Polikarpo ni mlezi, hilo halibadiliki. Lakini mlezi wa chumba kisicho na vitabu ni mlinzi wa benchi. Nikiviingiza vitabu vyangu, chumba chenyewe kitaitwa kwa jina langu, na jina hilo ndilo litakaloandikwa mlangoni. Nikauliza Polikarpo amesemaje. Akasema alikohoa.

Nilikubali kabla hajafuta mikono.

Jumatano, 14 Mei

Guta limesomba maboksi kutwa nzima. Mchoraji kapanda ngazi. CHUMBA CHA KUSOMEA CHA MZEE ZAKAYO. Herufi za buluu, zimenyooka. Nilisimama chini yake nikijifanya natafuta miwani. Mama mmoja mpita njia akamwambia mwenzake, huyo ndiye mwenyewe. Hakusema mgeni. Mwenyewe!

Furaha ilidumu mpaka watu walipoanza kuingia ndani.

Wanavichukua! Wanavifungua! Sikitu, aliyerudi mara moja kutoka Namawala kufuata chumvi, kachukua vitatu vya kupeleka dunguni. Kavichagua kwenye orodha yangu, vyote vya madaktari. Anasema amefikiri upya: ukishamjua muuaji tangu mwanzo, unamkodolea macho kama ndege mwizi, kila akisogea unasema nakuona. Nikajaribu kumweleza kwamba orodha haikukusudiwa hivyo. Akaniambia ahsante mzee wangu, akaondoka na vitabu vyangu kichwani.

Polikarpo kakaa mezani, miguu kainyoosha, anasoma kitabu changu. Anasoma kwa midomo. Mahali fulani akacheka mpaka akavua miwani. Nikamuuliza amecheka nini. Akasema, "Si unapajua, Mzee Zakayo? Kitabu ni chako."

Nikacheka na mimi. Sijui tulicheka nini.

Jumamosi, 17 Mei

Hali imeharibika. Leo nilipoingia, Polikarpo na Mama Evelina walikuwa wanagombana. Kwa sauti ya chini, kama watu waliozoeana. Ugomvi wa kupendeza, ndio ulioniuma. Mama Evelina anasema yule dada alistahili kusamehewa. Polikarpo anasema kamwe, na lile koti la mvua je? Mama Evelina akajibu koti la mvua hakulivaa yule dada. Dada yupi? Koti lipi? Mtu wa tatu akaingilia, naye anamjua dada. Wote wanamjua. Wanawataja watu wa ndani ya vitabu vyangu kama majirani wa mtaa, nani alimkosea nani, nani alioa wapi. Mimi nimesimama mlangoni, chini ya jina langu, sina ninayemfahamu.

Vitabu nimevibeba maisha yangu yote. Polikarpo kavipata Jumatano!

Mama Evelina akaniona. Akaninong'oneza, Polikarpo asisikie, kwamba kuna njia rahisi sana ya kuingia kwenye mazungumzo hayo. "Chukua kimoja," akasema. "Kimoja tu. Kisome, kutoka mwanzo. Halafu njoo tugombane."

Nimeliona hilo kuwa jambo la busara sana. Nilimshukuru kwa dhati. Kuanzia mwanzo, ndicho nilichokikosa! Mwanzo ndipo marehemu walipo.

Nimeita guta. Nimerudisha nyumbani maboksi mawili, nimewaambia ni kwa ajili ya kukagua mchwa. Kutwa nimesoma kurasa za kwanza, kitabu baada ya kitabu, na kuongeza safu mpya yenye kichwa MAREHEMU, kwa wino wa kijani. Kazi inakwenda kwa kasi ya ajabu. Mjane wa viatu vyeupe nimempata. Mfanyabiashara wa ngozi nimempata, na mapacha wawili. Yule wa gatini na sanduku lake nimempita, yeye anamchelewesha mtu.

Polikarpo asome atakavyo, kwa midomo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka masika yajayo. Kesho baada ya misa nitaingia nikiwa na marehemu wote mkono mmoja na wauaji wote mkono mwingine.

Ya katikati hakuna mtu atakayeuliza.