Ng'ombe wa Kwenye Lebo Yangu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Siku kubwa! Jibini zangu zimepata lebo. Mama Sylvie, ambaye meza yake imegusana na yangu hapa soko la Katindo, anauza jibini kutoka milima ya Masisi kama mimi, ila wateja wanamkimbilia yeye. Kisa? Anatabasamu. Mimi sina meno ya kutosha kwa kazi hiyo. Basi nimepekua mtandaoni, nikapata ng'ombe mzuri ajabu: wa kahawia, pembe moja imeinamia chini. Nikamchukua. Juu ya pembe nyingine nikaandika "Fromage Ferdinand", yaani jibini ya Ferdinand, mimi mwenyewe. Kwenye kona kulikuwa na jina dogo la mtu. Nimelikata, lilikuwa linaharibu majani.

Jumatano, 5 Juni

Jibini zimeisha kabla ya saa sita! Sylvie amenuna. Raha iliyoje!

Mchana nikapata mgeni: mzee Twagirimana, mfugaji aliyekimbia vita kule Masisi, sasa anakaa kwa binti yake, mtaa wa Keshero. Hakununua. Alishika jibini kwa mikono miwili, akasema, "Huyu njo Bihogo yangu." Nikacheka, nikamwambia ng'ombe wa kahawia ni wengi. Akanieleza pembe ile iliinama lini, na Bihogo alizaa ndama wangapi. Wenye bunduki walimchukua pamoja na wengine wote. Kisha akairudisha jibini mezani. Nilitaka kumuuliza kama atanishtaki, nikaona haya.

Alhamisi, 6 Juni

Haya imeniisha. Sylvie ananong'ona sokoni kwamba nimeiba ng'ombe. Mimi! Nimekwenda Keshero na karatasi inayosema: mimi Twagirimana, mwenye ng'ombe, ninamruhusu Ferdinand kutumia sura ya Bihogo. Mzee ametia kidole gumba bila ubishi. Aliomba kitu kimoja tu: picha ya Bihogo ya kuweka ukutani, maana hana hata moja. Nikampa lebo. Akaigeuzageuza, akasema jina langu limefunika pembe moja. Nikampa ya pili. Nayo imefunika.

Chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, ameigongea karatasi muhuri. Sasa aje mtu!

Jumamosi, 8 Juni

Amekuja mtu. Daniella, mpiga picha. Ndilo lile jina nililokata. Akasema picha ni yake, alipanda mpaka Masisi kuipiga, na sheria ya droit d'auteur, haki ya mtunzi, inamlinda. Nikatoa karatasi yangu kwa madaha. Akaisoma yote, mpaka muhuri. Akauliza, "Ile picha, ni muzee alipigaka?" Nikasema hapana, mzee ana ng'ombe. Basi, akasema, mwenye ng'ombe ni mmoja na mwenye picha ni mwingine. Picha ni ya aliyeipiga. Nibandue lebo zote leo hii. Sylvie alisikia kila neno. Akaniazima kisu cha kubandulia, kwa tabasamu lile lile.

Nikajaribu kumlainisha Daniella kwa habari za mzee. Niseme ukweli: nilitaka anihurumie mimi. Akaniuliza tu mzee anakaa wapi.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda Keshero kumwambia mzee kwamba karatasi yetu haina kazi. Hakunisikiliza. Bihogo yuko ukutani, mkubwa, ndani ya fremu, pembe zote mbili zinaonekana! Daniella amemletea bure. Mzee ameweka kiti chake mbele ya picha. Akanishukuru. Mimi! Akasema bila lebo yangu asingemwona tena Bihogo. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza: mmoja alimfuga, mmoja alipanda mlima kumpiga picha. Mimi nilifanya nini? Nilikata jina. Nimeona aibu kweli.

Jumatano, 12 Juni

Nimetafakari mpaka asubuhi, na hatimaye nimeielewa sheria. Picha ni ya aliyeipiga. Vizuri sana. Maana jana, mzee alipokwenda kuniletea maziwa, nilitoa simu nikaupiga picha ukuta wake. Kidole ni changu, simu ni yangu. Fremu nimeikata.

Lebo mia tatu zinatoka kesho. Safari hii jina langu nimeliweka chini, pembe zionekane. Mzee atafurahi.