Kamati ya Kurudi Jana

Familia nzima ilitangaziwa kwamba kuanzia Jumamosi hiyo usalama wa kompyuta ya sebuleni umewekwa chini ya Kamati ya Kudumu. Tangazo lilisomwa na baba mwenye nyumba, Mkurugenzi Msaidizi wa Uhifadhi wa Kumbukumbu wizarani, akiwa amevaa tai na kaptula. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa anakunja nguo za wateja. Binti yao alikuwa anatafuna mkate. Hivyo ndivyo walivyojua kwamba wao ni wajumbe.

Kompyuta yenyewe iliendeshwa na mfumo wa Linux. Mkurugenzi aliuweka mfumo huo kwa mikono yake baada ya kusikia kwamba ni wa bure na hutumiwa na watu wenye akili, akaona angalau bei hiyo anaimudu. Kisha akausasisha, na kioo kikawa cheusi tii. Vipimo vya wateja wote wa mkewe vilikuwa mle ndani. Alipofanikiwa kuiamsha, shati limelowa jasho, mkewe alimwomba kitu kimoja tu: atafute njia ya kuhifadhi mambo yao.

Mtu wa kawaida angenunua diski ya nje akanakili. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kawaida; alikuwa na cheo.

Kamati ilielezwa kwa kirefu kuhusu picha za mfumo. Kompyuta inajipiga picha ya jinsi ilivyo leo, pamoja na mafaili yote. Kesho ikiharibika, unairudisha jana kama vile hakuna kilichotokea; yote yaliyofuata, hata picha za baadaye, hufutika. Mkurugenzi alikiri moyoni kwamba kurudi jana ndiyo kazi aliyoifanya wizarani maisha yake yote.

"Hizo picha zinakaa wapi?" mkewe aliuliza.

"Kwenye diski ya kompyuta hiyohiyo."

"Na diski ikifa?"

Swali likapokelewa. Binti akapendekeza picha zitumike kwa ajili ya mfumo, na mafaili yanakiliwe kwenye diski nyingine itakayokaa kwa shangazi. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenyekiti, alisema wazo hilo ni zuri, kwa hiyo lisiharakishwe. Sera ikapita: picha peke yake zatosha, na nakala za kienyeji ni marufuku. Picha ya kwanza ikapigwa siku hiyohiyo.

Baadaye simu ya mkewe ikaanza kuzimikazimika. Kabla haijafa kabisa, alihamishia kwenye kompyuta sauti ya marehemu mama yake, aliyoirekodi wakiwa wanapiga soga jikoni. Haikuwepo kwingine kokote. Siku moja, mkewe akiwa sokoni kununua vitambaa, Mkurugenzi aliifungua na kuisikiliza. Mama mkwe alicheka kile kicheko chake cha kukohoa, na mwenye sera akaingiwa na baridi. Alitazama mlango, akachomeka flashi, akanakili sauti ile kinyume cha sera, akaificha flashi ndani ya soksi. Alijiona mhalifu, tena mhalifu mwoga.

Sifa za Kamati zikafika wizarani. Katibu Mkuu, ambaye hotuba yake ya mkutano mkuu wa kumbukumbu, aliyoisema kwa mdomo tu, ilikuwa ikichapwa na Mkurugenzi kwenye kompyuta hiyo ya nyumbani, alikuja mwenyewe kushuhudia. Aliketi kwenye kochi akaomba aonyeshwe.

Mkurugenzi aliirudisha kompyuta jana. Ikaenda jana vizuri. Katibu Mkuu akapiga makofi, akasema jana ni karibu mno kwa wizara kubwa. Arudi nyuma zaidi, kabisa kabisa. Mkurugenzi alifungua mdomo kueleza jambo, akakumbuka kwamba anayezungumza naye ni Katibu Mkuu, akaufunga. Akabonyeza picha ya kwanza.

Kompyuta ikawaka, safi kama mpya. Katibu Mkuu akatangaza papo hapo kwamba sera hiyo itatumika wizara nzima.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yao na sinia la chai. Aliliweka chini taratibu, akashika kipanya, akatafuta. Vipimo vilikuwepo. Akatafuta tena.

"Mama yangu hayupo," alisema.

Mkurugenzi hakuomba kikao. Alikwenda chumbani mbio akarudi na soksi, akamkabidhi mbele ya mkuu wake wa kazi. Flashi ikachomekwa, na sauti ya mama mkwe ikajaa sebuleni: "Huyo mumeo mtu mzuri, mwanangu. Ila mwambie ale kwanza ndipo ahutubie." Mkewe akalia na kucheka kwa pamoja, akiwa amemshika mumewe mkono, naye mumewe hakuona haya hata kidogo.

Katibu Mkuu alisubiri kwa adabu mpaka sauti ikaisha.

"Na hotuba yangu imo humo?" akauliza. "Ya kesho?"

"Hapana, mheshimiwa. Humu niliweka vitu vya thamani tu." Mkurugenzi alisikia alichokisema, akajirekebisha upesi. "Hotuba yako ilikuwa inalindwa na sera."

Katibu Mkuu aliitazama kompyuta. Kisha akalegeza tai, akamwomba binti karatasi na kalamu, na mkuu wa kumbukumbu zote za serikali akaanza kukumbuka.