Siku Ukumbi Mzima Uliposimama

Jumatano, 11 Juni
Nimeduwaa. Mwalimu Odessa, kiongozi wa kundi letu la waimbaji, ametangaza mbele ya wote: Jumamosi, Siku ya Bendera, mimi na Verlin Stobaugh tutaimba wimbo mmoja mmoja wa kale. Atakayewainua watu vitini ndiye atakayeimba peke yake uwanjani Julai 4, sikukuu ya uhuru. Verlin ameing'ang'ania nafasi hiyo miaka tisa, na anaimba kama anasukutua koo! Akanipiga bega, akasema nisihuzunike, hata wapiga makofi wanahitajika. Akachagua kutangulia, eti watu wamsikie kabla hawajachoka.
Vizuri sana.

Alhamisi, 12 Juni
Mpango huu hapa. Baada ya wimbo wangu unafuata wimbo wa taifa. Nani atabaki kitini ukianza? Hakuna. Kinanda kikiingia papo hapo, Mwalimu ataona ukumbi umenisimamia mimi.
Nimempelekea Opal, mpiga kinanda, pai ya pichi. Aliuliza nani ameioka. Nikasema mke wangu, Nadine. Ndipo akakubali.

Ijumaa, 13 Juni
Maafa! Mazoezi katika ukumbi wa zimamoto, na bendera imesimikwa jukwaani mbele yangu kabisa. Waliokaa kushoto wataona viatu vyangu tu. Wenzangu walipokwenda kunywa kahawa, nikaihamishia ukuta wa nyuma ya watazamaji, mlangoni. Nikaikunjua kwa heshima zote.

Jumamosi, 14 Juni
Siamini.
Verlin aliimba, wakapiga makofi wamekaa. Safi! Nikaimba wimbo wa treni, noti ya mwisho nikaivuta hadi macho yakanitoka. Opal akaingia na wimbo wa taifa. Ukumbi mzima ukasimama!
Nikainama. Nikainama tena. Nilipoinua kichwa: visogo. Visogo vitupu! Kofia mkononi, kiganja kifuani, kila mtu ameigeukia bendera mlangoni, kama ilivyo desturi wimbo wa taifa ukipigwa. Mji mzima umenipa mgongo!
Walionitazama ni wenzangu wa kundi tu, waliokuwa nyuma yangu. Mzee Cletus, mwanajeshi mstaafu, akaninong'oneza: "Delmer, simama wima bwana. Huu wimbo wa taifa, si harusi yako."

Jumapili, 15 Juni
Mwalimu Odessa kapiga simu. Akasema kwa upole kwamba watu waliusimamia wimbo wa taifa, na kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona mtu akiupokelea pongezi. Verlin ataimba Julai 4. Mimi nitagawa ratiba langoni. Mimi! Kama mlinzi! Nadine amecheka mpaka akakaa chini.
Nimetafakari kwa utulivu. Mpango haukuwa na kasoro hata moja. Nilisimama upande usiofaa, basi.
Nimekwenda kuukagua uwanja. Mlingoti wa bendera uko pale pale langoni. Verlin na aimbe. Wimbo wa taifa ukianza, watasimama, watageuka, na watanikuta chini ya bendera na ratiba zangu, nimeshaanza kuinama.