Namba Kumi na Nane

Gazeti lilikuwa moja na wenye hamu nalo walikuwa wengi, lakini aliyeruhusiwa kulishika ni Spika peke yake. Huyu ni karani mstaafu, na jina hilo alilipata kwa kuwa hajawahi kumaliza mazungumzo bila kumwambia mtu akae chini, hata kama mtu mwenyewe amekaa. Asubuhi hiyo alilikunjua kwenye benchi la nje ya kinyozi, akakohoa mara mbili, akasoma.

"'Daktari Sindano alitudanganya!' Herufi kubwa hizo jamani, mimi sijaongeza kitu."

Fundi Soli, mshona viatu, alikuwa ameinamia kazi yake hatua mbili kutoka kwenye benchi. Alijichoma kidole. Katika miaka thelathini ya kushona viatu pale, ilikuwa mara ya kwanza.

"Katudanganya nini?" Wembe, kinyozi, alitokeza mlangoni na mashine mkononi. Ndani alikuwa amemwacha mteja na shuka shingoni, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina.

"Tulia nisome. Miaka hamsini na mbili iliyopita homa ya koo ilikuwa inamaliza watoto. Daktari Sindano akatengeneza chanjo yake katika chumba cha nyuma cha zahanati, akawachanja watoto arobaini wa shule ile ya kilimani. Akatangaza kwamba hakuna aliyekufa hata mmoja. Akapewa nishani, zahanati ikapewa jina lake. Sasa daftari lake limepatikana. Namba kumi na nane, mtoto wa kike, alikufa kwa homa hiyohiyo miezi minne baadaye, na daktari akapiga mstari wa wino juu ya jina lake!"

"Mwongo mkubwa!" Wembe akasema. "Mimi nikimkata mtu sikio, naweza kupiga mstari juu ya sikio?"

"Basi njoo umalize, yangu bado yapo mawili," mteja aliita kutoka ndani.

"Mmoja kati ya arobaini?" Huyo alikuwa Bima, aliyekuwa akiuza bima mpaka kampuni yake ikafa bila bima. "Ndugu zangu, hiyo ni hesabu safi. Ningepata wateja wa namna hiyo ningekuwa na ghorofa."

"Na mama wa huyo mmoja ungemwambia nini?" Dada Birika alimuuliza huku akimimina kahawa.

"Ningemwambia asome maandishi madogo."

"Maandishi gani? Hakuna mzazi aliyeulizwa. Watoto walipewa biskuti, mkono mmoja biskuti moja. Mtoto mwenye njaa ukimpa biskuti atakupa mkono, mguu na ufunguo wa nyumba yenu."

"Dada, kaa chini."

"Nikikaa, kahawa yako atamimina nani?"

Spika akaona hoja hiyo ina uzito, akarudi kwenye gazeti. "Baraza linakutana kesho kuamua kama jina lake ling'olewe. Wote waliokuwa miongoni mwa wale arobaini wanaombwa wafike zahanati leo wakatoe ushahidi. Watapigwa picha, itatoka ukurasa wa mbele."

Bima akashusha kikombe.

"Unajua mimi sipendi kujisifu," alisema, akianza kukunja mkono wa shati.

"Usituchezee," Wembe akasema. "Hilo kovu ni la seng'enge. Mwaka jana ulituambia uling'atwa na mbwa."

"Mbwa alikuja baada ya chanjo. Wewe je, una nini?"

Wembe akaonyesha bega lake. "Hili hapa."

"Hilo ni jipu! Na una miaka arobaini na moja. Mwaka ule baba yako alikuwa hajamwona mama yako."

"Ndiyo maana nasema nilichanjwa mapema."

Spika alifungua kifungo kimoja cha shati kwa heshima zake zote. "Mimi nilikuwa namba tano."

"Wewe si ulisomea mji mwingine kabisa?"

"Nilikuja likizo."

Dada Birika alicheka mpaka akaweka birika chini. "Benchi moja, mashujaa watatu! Mpaka saa sita hao arobaini watakuwa mia sita. Nusu saa nzima mnamtukana marehemu, na sasa kila mtu anataka awe amechomwa na yeye."

Fundi Soli hakucheka. Alikuwa akisikiliza tangu mwanzo. Kesho watang'oa lile jina. Watu watasema chanjo ilishindwa na daktari akaficha, na mtu mmoja tu duniani ndiye anayejua kwamba haikuwa hivyo. Aliitazama damu kwenye kidole chake, akaifuta kwenye aproni.

"Hakufa," alisema.

"Nani?"

"Namba kumi na nane."

Walicheka wote. Wembe alipiga makofi. "Haya, na Mzee Soli naye! Huyu wa nne! Mzee, wewe ulikuwa namba ngapi?"

Fundi Soli alisimama. Walikuwa wamemzoea na shati lake la mikono mirefu, hata jua liwe kali vipi, na wamemtania kwa hilo miaka nenda rudi. Akakunja mkono wa kushoto. Palikuwa na kovu la mviringo, dogo kama kifungo.

"Kumi na saba," alisema. Akakunja wa kulia. Palikuwa na kovu lilelile. "Na kumi na nane."

Wembe aliinama akayatazama makovu yote mawili, na Fundi Soli akaendelea.

"Tulikuwa mapacha, mimi na dada yangu. Shuleni walitunyoa wote upara, ungetutofautisha kwa nguo tu. Yeye alikuwa anaogopa sindano mpaka anatetemeka. Nimeshachanjwa, nimeshakula biskuti yangu, namkuta nyuma ya choo analia. Nikamwambia, nipe gauni lako, nichanjwe mimi badala yako, na biskuti nile mimi. Nikarudi kwenye foleni na gauni. Nikatoa mkono wa kulia, nikasema wa kushoto una jipu."

Spika alikifunga kifungo cha shati lake.

"Homa ilipokuja, mimi nilikuwa nje nacheza. Yeye alilala siku tano."

"Kwa hiyo chanjo haikushindwa," Bima alisema polepole. "Hakuwahi kuipata."

"Hakuwahi. Yule daktari alifuta kosa ambalo si lake."

"Lakini alifuta," Dada Birika alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ila hakurudi nyuma. "Alimwona mtoto amekufa, akatafuta kalamu badala ya kumtafuta mama yake."

"Alifuta, mwanangu. Na mimi nikanyamaza. Mama alimlaani yule mtu mpaka siku anaingia kaburini. Kila tukipita zahanati anatema mate, na mimi nimemshika mkono, sisemi neno. Ningemwambiaje kwamba ni biskuti?" Aliona aibu ileile ya mtoto wa miaka tisa, na hapohapo akahisi kifua kimepungua uzito, jambo ambalo hakulitegemea.

Spika alilikunja gazeti taratibu. "Kwa hiyo wameandika uongo. Namba kumi na nane yuko hai, anashona viatu."

"Yuko hai," Fundi Soli alisema. "Aliyekufa hakuwa na namba."

Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari, akashika njia ya zahanati. Mmoja baada ya mwingine wakamfuata, hata Dada Birika na birika lake, hata mteja wa Wembe na shuka lake shingoni na nusu ya nywele zake.

Foleni ilianzia dirishani kwa karani, ikazunguka ukuta wa zahanati, ikatokeza barabarani. Watu wazima wa kila umri, wote wamekunja mkono wa kushoto. Mmoja wao hakuzidi miaka ishirini na tano. Wembe aliitazama, akaushusha mkono wa shati lake kimyakimya. Bima akajifanya anajikuna.

"Mzee Soli," Wembe alisema, na mara hii hapakuwa na utani, "jua kali na foleni hii haiishi leo. Wewe kakae kivulini. Mimi nitasimama badala yako."

"Hapana," Fundi Soli alisema. "Hii napanga mwenyewe."

Akaenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho, mikono yake yote miwili iko wazi.